Jinsi ya Kuwahi Kupanda Viazi Fargo

Mwongozo huu ni wa ndugu zetu waliohamia Fargo, Grand Forks na miji mingine ya bonde la Mto Red, mpakani mwa North Dakota na Minnesota. Walikotoka, iwe Rutshuru, Musanze au Kinangop, viazi mviringo walivipanda bila kuomba ushauri wa mtu. Mvua ikianza Septemba, unapanda. Ikirudi Februari au Machi, unapanda tena. Ukiharibu msimu mmoja, mwingine uko njiani. Fargo ina msimu mmoja tu, nao huja kwa kusuasua na kuondoka bila kuaga.

Swali ni dogo: viazi vipandwe lini? Usimuulize mtu ambaye bado unataka urafiki naye. Kila mkazi wa huku ana tarehe yake, na kila tarehe ina ukoo wake. Wengi hupanda mapema mno, na kwa kuwa wameshaamua hivyo, si vibaya wakafanya kwa utaratibu.

Tafuta tarehe ya nchi nyingine

Jambo la kwanza ni kupata tarehe iliyowekwa kwa ajili ya watu wengine, mahali pengine. Maarufu kuliko zote ni 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Ireland imezungukwa na bahari, baridi yake ni ya adabu, na mwezi Machi udongo wake unachimbika. Waairishi walipovuka kwenda Marekani walibeba tarehe hiyo pamoja na mizigo yao, ikasambaa kila walikofika, na mpaka leo yuko atakayekutajia kwa uso mkavu kabisa. Katika miaka mingi, ardhi ya Fargo siku hiyo bado imeganda, na juu yake kuna theluji. Ukiamua kuitii, acha jembe nyumbani, beba sururu.

Kwa wacha Mungu ipo Ijumaa Kuu. Uzuri wake ni kwamba haina msimamo: yaweza kuangukia popote kati ya 20 Machi na 23 Aprili. Mwaka 2008 ilikuwa 21 Machi, na mwaka 2011 ikawa 22 Aprili. Mkulima aliyeifuata kwa uaminifu alitofautiana na nafsi yake kwa mwezi mzima na bado akajiona ana kanuni. Pasaka huhesabiwa kwa kufuata mwezi mpevu, na mwezi, kwa ukubwa wake wote, haujawahi kuyeyusha hata kiganja kimoja cha udongo. Majirani zetu Waislamu, ambao Ramadhani yao huzunguka misimu yote ya mwaka, hilo wanalijua zamani. Sijasikia Mwislamu akipanga shamba lake kwa kuandama kwa mwezi wa Shaabani.

Wako pia Wajerumani waliotoka Urusi, waliojaa katika Dakota mbili tangu mwishoni mwa karne ya 19. Ujerumani ina mila ya watakatifu wa barafu: Mamertus, Pankratius, Servatius, Bonifatius, na mwisho kabisa Sophie, kuanzia 11 hadi 15 Mei. Kabla hao hawajapita, mboga inayoogopa baridi haitoki nje. Watakatifu hawa waliajiriwa kwa ajili ya Ulaya ya kati, hawana mkataba wowote na North Dakota. Hata hivyo, jalidi ya mwisho Fargo kwa wastani huwa katikati ya Mei, kwa hiyo Sophie anafanya kazi ya ugenini vizuri kuliko wenyeji. Ukikusudia kuwahi, mkwepe.

Kuna na kanuni ya maua. Watu wa kaskazini husema viazi vipandwe wakati dandelioni, yale maua ya njano yanayovamia nyasi za mbele ya nyumba, yanapochanua. Hii nayo ikwepe, maana ina akili. Dandelioni imekaa ndani ya udongo uleule, inasikia joto lilelile, na haina kalenda ukutani. Kama umekusudia kufanya kosa, usijifunze kwa mmea.

Na sisi je? Sisi tulikuja na mvua. Aliyekulia Kivu akiona ardhi imelowa, mkono unatafuta mbegu wenyewe. Fargo mwezi Aprili ardhi imelowa kupita kiasi, ila kilicholowesha si neema ya masika. Ni theluji ya miezi mitano inayoyeyuka juu ya udongo ambao chini bado ni barafu, na hayo maji hayana pa kwenda. Hata mto wenyewe una vituko: Mto Red unatiririka kuelekea kaskazini, kwa hiyo kusini kunayeyuka kwanza, maji yanashuka kwenda kukutana na barafu ambayo haijavunjika. Mwaka 1997, tarehe 5 na 6 Aprili, dhoruba kubwa ya theluji ililifunika bonde lote, na haikupita wiki mbili Grand Forks ikazama, watu zaidi ya 50,000 wakahamishwa, na majengo ya katikati ya mji yakashika moto yakiwa yamezungukwa na maji. Huo ndio Aprili ambao mtu anauita masika.

Amini hewa, puuza udongo

Tuseme ni 20 Aprili, saa nane mchana. Hewa imefika nyuzi 20. Vijana wa Kimarekani wamevaa kaptula tangu ilipofika 10, na mbele ya kila nyumba ya tatu kuna mtu anachoma nyama. Simu yako ina picha ya jua isiyo na wingu hata moja. Hapa ndipo mpandaji wa mapema anapopata nguvu.

Ukitaka kuzilinda nguvu hizo, usinunue kipimajoto cha udongo, na hata kile cha kupimia nyama ya kuoka usikitoe jikoni. Ukikichoma ardhini sentimita 10, alfajiri, kabla jua halijaipasha ngozi ya juu, huenda kikasoma nyuzi 4 wakati wewe umeshavua koti. Habari hiyo haikufai. Kiazi kinahitaji udongo uliofika walau nyuzi 7, na kinafurahi zaidi ukikaribia 10, tena kwa siku kadhaa mfululizo. Wamarekani watakutajia 45 na 50. Usishtuke, ni Farenhaiti zao, na kiasi ni kilekile.

Kipimo cha pili cha kukwepa ni cha mkono. Bonde hili zamani lilikuwa sakafu ya ziwa kubwa la barafu liitwalo Agassiz, lililokauka maelfu ya miaka iliyopita na kuacha udongo mweusi wa mfinyanzi, tambarare mpaka macho yanachoka. Una rutuba ajabu, lakini unashika maji na unachelewa kupata joto. Chukua fumba moja, likamue, kisha lisukume kwa kidole gumba. Likivunjika na kumwagika, ardhi iko tayari. Likibaki na alama za vidole vyako kama tonge la ugali, ukilichimba siku hiyo litakauka na kuwa mabonge magumu, na mabonge hayo utaishi nayo hadi Septemba. Kwa hiyo usilikamue. Chimba tu.

Kinachotokea baadaye hukioni, na hilo ndilo linalowapa watu moyo wa kurudia kila mwaka. Kiazi kilichofukiwa kwenye udongo wa nyuzi 4 hakifi siku hiyohiyo. Kinakaa. Kinafikiri. Vidonda vya pale ulipokikata vinahitaji joto ili vifunge, na joto halipo, kwa hiyo bakteria wa kuozesha wanapata mlango. Chipukizi likijaribu kupanda juu, linasafiri polepole kwenye tope baridi, na kuvu aitwaye Rhizoctonia, ambaye mazingira hayo anayapenda sana, analiguguna kabla halijaona mwanga. Ukifukua baada ya wiki tatu utakuta kipande kimelainika, kina harufu ambayo sitaieleza katika jarida linalosomwa mezani.

Na kile kisichooza? Kiazi cha 20 Aprili na kiazi cha 12 Mei mara nyingi huchomoza karibu wakati mmoja, na wakati mwingine yule wa Mei anatangulia, kwa sababu alikuta nyumba ina joto. Ukweli huu unafundishwa kwa maofisa ugani wote, umeandikwa kwenye vipeperushi vya bure, na haujawahi kumzuia mtu.

Kwenye bustani moja ya jamii niliwasikia mama mmoja wa Kikongo na kijana aliyekuja kumsaidia kubeba samadi. Theluji ilikuwa bado imejikunyata kwenye kivuli cha ua.

“Mama, tusingoje kidogo?”

“Kungoja nini, mwanangu? Nimengoja tangu Oktoba.”

Huyo mama alisema kile ambacho vipeperushi havisemi. Wanaopanda Aprili hawapandi kwa sababu ya kiazi. Wanapanda kwa hasira. Wamekaa miezi sita wakikwangua vioo vya magari, wakivaa soksi mbili, wakishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri wakati mwingine, na siku ya kwanza ardhi inapokubali jembe wanataka kulipiza kisasi. Waairishi, Wajerumani, Wanorwei, Wakongo, wote katika hili ni kabila moja. Ningewashauri wakaoshe gari, lakini nani atanisikiliza?

Mbegu, na kazi ya kufanya huku unajizuia

Kama lazima mikono ishike kitu mwezi Aprili, kuna kazi halali. Viazi vya mbegu, vile vilivyothibitishwa kuwa havina magonjwa, vipange kwenye trei za mayai, upande wenye macho mengi ukiangalia juu, na uziweke karibu na dirisha kwenye chumba chenye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15. Baada ya wiki tatu hivi kila jicho litatoa chipukizi fupi, nene, la zambarau lenye kijani, kama sentimita moja au mbili, lenye vinundu vidogo chini ambavyo ndivyo mizizi inayosubiri zamu yake. Hilo ni gumu, halivunjiki ovyo. Lile la kabati lenye giza ni jingine: jeupe, refu, legelege, linakatika ukilitazama vibaya. Viazi vilivyochipushwa kwa mwanga hukuongezea kama wiki mbili za msimu bila kugusa udongo. Hii ndiyo njia pekee ya kuwahi isiyokuwa na kejeli, ndiyo maana inaonekana haina raha.

Viazi vikubwa vikate vipande vya gramu 50 hivi, kila kimoja kiwe na macho mawili, kisha viache siku mbili tatu mahali penye unyevunyevu visinyauke, jeraha lifunge. Vya dukani vya kula usivitegemee. Vingi vimepuliziwa dawa ya kuzuia kuchipua, na visivyopuliziwa huenda vimebeba ugonjwa.

Najua yuko anayewaza kumwagiza shangazi alete mbegu kutoka nyumbani kwenye begi. Kwanza, watu wa ukaguzi wa mimea uwanja wa ndege watamkalisha shangazi kwenye kiti cha plastiki kwa muda mrefu. Pili, liko suala la mchana. Viazi vya asili, vya milima ya Andes, vilizoea mchana wa saa 12 kama wetu wa ikweta. Vilipopelekwa Ulaya karne ya 16 vilishangaa: kiangazi kizima vilirefusha majani, vikaanza kuweka viazi chini siku zilipofupika, wakati jalidi iko mlangoni. Ilichukua vizazi vya kuchagua mbegu mpaka zikapatikana zinazovumilia mchana mrefu. Fargo mwezi Juni mchana unakaribia saa 16. Saa tatu usiku jua bado liko juu ya mapaa na watoto wanauliza kwa nini wamelazwa mchana. Mbegu isiyojua mambo haya itakupa kichaka kizuri cha kupigia picha.

Mbegu inayoyajua imezaliwa hapohapo. Norland, chenye ganda jekundu, kilitolewa mwaka 1957 na watafiti wa chuo cha kilimo cha Fargo, ambacho leo ni chuo kikuu cha jimbo, na kinakomaa ndani ya siku 70 hadi 80. Yukon Gold cha Kanada, kazi ya Gary Johnston wa Chuo Kikuu cha Guelph, kiliidhinishwa mwaka 1980 na kinachelewa kidogo tu. Russet Burbank, kile kirefu cha chipsi, kinataka siku 120 au zaidi. Hesabu mwenyewe: katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba, jalidi ya vuli inapoanza kutembelea. Kinaingia, lakini hakuna nafasi ya kuugua. Kwa Norland unaweza kulala hadi 1 Juni, ukaamka, ukapanda, na bado ukavuna mwisho wa Agosti. Hii ni siri ya aibu ya kilimo cha viazi kaskazini, na wanaopanda Aprili hawapendi isemwe mbele ya watoto.

Kina ni sentimita 10, nafasi kati ya shimo na shimo ni 30, na kati ya tuta na tuta ni 80 hivi. Hilo mnalijua kuliko mimi.

Usiku wa vitenge

Tuseme umewahi, na kwa bahati kiazi chako kimechomoza tarehe 8 Mei. Hongera. Sasa una majani mateke katika mji ambao baridi yake haijamaliza kazi. Aliyelima Kinangop anaijua jalidi: usiku mtulivu, mbingu safi, nyota nyingi kuliko kawaida, na asubuhi majani yamekuwa meusi, yamelainika. Kwa kiazi inatosha joto kushuka nyuzi moja au mbili chini ya sifuri.

Onyo likitangazwa, watu hutoka jioni na kila walicho nacho. Utaona mashuka ya maua, blanketi la mtoto, koti la kuendea kazini, na upande wetu wa bustani, vitenge. Kitambaa hushika joto linalopanda kutoka udongoni, kwa hiyo kitandaze kabla jua halijazama na kiguse ardhi pande zote. Plastiki inayolalia majani haisaidii, inapitisha baridi palepale inapogusa. Asubuhi ondoa, la sivyo utavipika.

Mzee mvivu ana njia nzuri zaidi. Machipukizi yakiwa bado mafupi, anavuta udongo kwa jembe na kuyafukia kabisa, anakwenda kulala. Yatatoka tena. Na kama jalidi ikiyakuta wazi ikayaua, macho yaliyo chini yataleta mengine, isipokuwa umepoteza wiki mbili na nguvu ya mbegu. Yaani umerudi tarehe ileile ya aliyepanda baada ya Sophie, tofauti ni kwamba yeye usiku huo alilala na blanketi lake.

Baada ya hapo kazi ni ya kawaida. Mimea ikifika sentimita 20, inulia udongo. Rudia wiki mbili tatu baadaye, kwa sababu kiazi kinachopigwa na jua kinageuka kijani na kuwa na sumu. Mwagilia zaidi wakati wa maua.

Mwisho wa msimu nako kuna kuwahi na kuchelewa, ila hapo mambo hugeuka: watu walewale waliokimbilia Aprili sasa wanasubiri viazi “vinenepe kidogo”. Majani yakishakauka, ngojea wiki mbili ganda likomae, kisha chimba. Usisogeze hadi Oktoba kwa tamaa. Mwaka 2019 mvua ya Septemba na theluji ya mapema Oktoba ziliwafungia wakulima wakubwa wa bonde hili nje ya mashamba yao, wenye matrekta na mabilioni ya shilingi za mitambo, na viazi vingi pamoja na viazisukari vikabaki ardhini.

Mbegu nzuri huingia madukani Aprili na huisha upesi, kwa hiyo nunua Aprili. Zipange dirishani. Na ukimwona mwenzako bustanini wiki hiyo ana jembe mkononi na jua limempanda kichwani, mwite ndani mnywe chai, mkalishe hadi giza liingie. Giza lenyewe litaingia saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo chemsha ya kutosha.